Kumi na Mmoja wa Mgongoni

Sikulia. Naanza na neno hilo kwa sababu Jumapili iliyopita, kwenye ubatizo wa mtoto wa nne wa Faustin, nyumbani kwake Himbi, hapa Goma, Faustin mwenyewe alisimama na glasi mkononi, mbele ya padri, mbele ya mke wake, mbele ya sahani ya sambaza iliyojaa hadi ukingoni, akawaambia wageni kwamba mimi nilipata breve, cheti changu cha ofisa wa bato, yaani meli ya abiria, kwa machozi. "Mumuone ule mama," akasema, akininyoshea kidole. "Ile siku ya mutihani alilia pale porti mupaka Papa Komanda akamuonea huruma. Mie nilikuwa pale, nimeshika kamba. Nilimuona na macho yangu." Watu wakacheka. Wengine walinitazama kwa ule upole wa kijinga ambao watu wanampa mwanamke aliyesemwa kwamba alilia. Mwalimu wetu, Papa Komanda, alikwisha kustaafu akarudi kwao Mbandaka, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kusema ukweli isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nanyonyesha. Nikamtoa mtoto kwenye ziwa, nikamwambia Faustin: "Funga kinywa, kula samaki." Akapiga makofi kwa furaha. "Munaona? Ata leo ana hasira!" Ndiyo, nina hasira. Nilikuwa nayo mwaka ule pia, na bila hiyo hasira leo ningekuwa nauza unga. Lakini nikiukumbuka ule mwaka, ninachokumbuka zaidi ni kucheka. Basi nitaandika yote mawili, na Faustin asome.

Ya nyumbani kwetu siandiki. Baba wa Neema, mtoto wangu wa kwanza, hayumo humu, alichagua mwenyewe kutokuwemo. Nilikuwa na miaka ishirini, diploma ya sekondari, na mtoto wa miezi mitatu, wakati wenye mabato ya Ziwa Kivu walipokubaliana kufundisha maofisa sita kwa mwaka mzima. Barabara ya Bukavu ilikuwa imeharibika, watu wote walikuwa wanapita kwenye maji, na mabato yaliongezeka kuliko watu wenye akili ya kuyaongoza. Walimleta Papa Komanda, mtu mrefu, mkavu kama mti wa uzio, aliyetumika miaka mingi katika jeshi la majini, mtoni na kule mto unapoingia baharini. Tulikuwa wanaume watano na mimi. Siku ya kwanza aliita majina, alipofika kwangu akasema, "Kavira," nikajibu, "Niko hapa, Komanda," na Neema naye akajibu kutoka mgongoni kwa sauti yake yote. Komanda akainua macho kutoka kwenye karatasi. Nikajua sasa ananifukuza. Akaandika kitu, akaendelea na jina la Faustin. Hata leo sijui aliandika nini.

Darasa letu lilikuwa depo ya zamani ya kahawa, hatua hamsini kutoka kwenye maji. Meza moja ndefu, mabenchi mawili, dirisha bila kioo, na ukuta wa triplex, mbao nyembamba inayopitisha sauti, uliotutenga na ofisi ya makapiteni. Chini ya meza kulikuwa na karato, boksi kubwa la sabuni, na ndani ya karato, juu ya kikwembe changu, kitenge cha kumbebea, Neema alilala. Alilala vizuri wakati wa masomo magumu, hesabu ya uzito na mstari wa mzigo uliochorwa ubavuni mwa bato. Aliamka kwa somo la mafundo ya kamba. Nafikiri alipenda sauti ya kamba ikigonga meza. Faustin, ambaye vidole vyake ni kama ndizi za kuchoma, hakuweza kufunga fundo la kiti, lile la kufungia bato gatini, hata kwa wiki tatu, na Komanda alimwambia mbele yetu sote: "Faustin, ile bato yako itaenda Rwanda yenyewe, bila weye." Tulicheka mpaka karato ikatingishika. Kila asubuhi kabla ya kukaa tulisimama karibu na dirisha, tukitazama ziwa, na Komanda aliuliza maswali yake yale yale, nasi tukajibu pamoja kama watoto wa katekisimu. Mkono wa kushoto? Babor, taa nyekundu. Mkono wa kuume? Tribor, taa ya kijani. Upepo wa Kivu unaamka saa ngapi? Saa sita, Komanda, na bato yenye akili inakuwa mbali. Kisha aliacha maswali akasema neno moja la heshima ya kazi, polepole, kama mtu anayeweka tofali. Lile nililoshika zaidi ni hili: "Batu unaweza kubadanganya. Makaratasi unaweza kuidanganya. Maji, apana. Maji inahesabu yenyewe."

Neno lake lingine lilituletea vita jikoni. Ofisa anakula wa mwisho. Kwanza abiria, kisha mabaharia, kisha mekanisie, na mwisho kabisa ofisa, hata kama imebaki sufuria ya kukwangua. Mpishi wetu alikuwa Mama Sifa, mwanamke wa Masisi, mfupi, mwenye mikono ya mtu wa kukamua ng'ombe. Siku ya pili aliniona nimesimama mwisho wa mstari na titi limelowesha shati, akatoka na mwiko. "Huyu anakulaka babili," alimwambia Komanda. "Unataka maziwa itoke wapi, kwa ile kamba?" Komanda akasema sheria ni sheria, ofisa anakula wa mwisho. Mama Sifa akafikiri kidogo, akapakua sahani ya bugali na maharage na sombe ya majani ya muhogo, mlima mzima, akaiweka juu ya karato ya sabuni. "Hii ni ya Neema. Neema hayuko ofisa." Komanda akaitazama sahani, akamtazama mtoto wa miezi mitatu asiye na jino hata moja. "Sawa," akasema. "Abiria anakula wa kwanza." Mwaka mzima Neema alikula bugali na sombe saa sita kamili, kwa kinywa changu, na mimi nilikula tena mwisho wa mstari. Wanaume walilalamika mpaka wakachoka. Faustin alijaribu kusema naye ana abiria tumboni, Mama Sifa akamgonga na mwiko.

Sasa nieleze kuhusu ukuta wa triplex. Mwezi wa tano hivi wa mafunzo nilikuwa nimeketi sakafuni nikimnyonyesha Neema, wenzangu wamekwenda kupaka bato rangi, na upande wa pili nikasikia sauti ya Kapiteni Dezire. Yeye ndiye aliyeongoza bato letu la mafunzo, bato la zamani lililokohoa kila likiwashwa, ambalo tuliliita Shangazi. "Komanda, ule mama wa mutoto unamufundishaka ya nini?" alisema. "Siku ya kuondoka, mutoto atalia, yeye ataacha makaratasi atoe ziwa. Batu makumi munane bangoje anyonyeshe?" Nilisikia kiti kikilia. Komanda akajibu, "Mutihani ni moya. Akianguka, anarudi nyumba, hakuna ya pili. Njo sheria ya bote." Dezire akacheka. "Na mutihani iko kwa bato yangu." Komanda akasema, "Iko kwa bato yako." Basi. Hakunitetea hata kwa neno moja. Nilikaa pale sakafuni, na ile hasira ikapanda kutoka miguuni. Bila breve hakuna bato ingenichukua, na bila bato sikuwa na kitu kingine duniani cha kumlisha mtoto. Mtihani mmoja, bato ya Dezire. Nikajiapia kwamba sitakosea hata nukta.

Na wiki ile ile nikakosea, tena kosa ambalo hata leo linaniamsha. Tulitoka na Shangazi kufanya zoezi, karibu na pwani, bila abiria. Katikati ya maji Komanda akapaza sauti: "Kavira! Bato inazama. Tunatafuta batu bangapi?" Hilo ni swali la kwanza la ofisa kuliko maswali yote. Nikapita mbio kutoka mbele hadi nyuma nikigusa mabega: sisi wanafunzi sita, Komanda, Kapiteni Dezire, mekanisie, Mama Sifa na sufuria yake, na wabeba mizigo wanne waliokuwa wamelala juu ya magunia. Nikarudi nikasimama wima. "Kumi na ine, Komanda!" Komanda akauliza tena, "Bangapi?" Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu nilikuwa na hakika, nimewagusa wote. "Kumi na ine!" Ndipo Mama Sifa akaita kutoka jikoni: "Na ule Neema? Yeye ni muzigo?"

Alikuwa mgongoni kwangu. Nilimbeba, nilisikia pumzi yake shingoni, nilikimbia naye bato nzima nikihesabu watu, na sikumhesabu. Mimi mama yake. Kapiteni Dezire alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. Komanda hakucheka, wala hakunigombeza. Alinipa kalamu na kitabu cha bato, nikaandika Neema mstari wa kumi na tano. Baadaye nilielewa kwamba sikuwa mjinga peke yangu. Pale porti ndiyo desturi. Mtoto wa mgongoni hana tiketi, na asiye na tiketi haandikwi kwenye manifesti, ile karatasi yenye majina ya wote wanaosafiri. Mama anaandikwa mmoja. Akishuka, wanashuka wawili, na hakuna anayeona ajabu. Tena wamama wenyewe hawapendi watoto wao wahesabiwe, wanasema ukimhesabu mtoto unamwonyesha kwa kifo. Nami nilikuwa nimelelewa na maneno hayo hayo, yakanikaa machoni kama ukungu.

Mwezi uliofuata tulijifunza kuogelea. Hapo ndipo furaha yote ya mwaka ule inakaa ninapoitafuta. Asubuhi, maji baridi, jua linapanda upande wa Rwanda, na wanaume watano wazima wanaogopa kuingia. Faustin aliingia hadi magotini akaanza kuwaita watakatifu wote wa Butembo. Mimi nilivaa jile, yale makoti ya rangi ya machungwa ya kuelea, nikafunga kamba zote tatu, nikaruka kutoka kwenye gati nikipiga kelele. Nilizama, nikatoka, na jile likanigeuza lenyewe, polepole, kama mkunga anavyogeuza mtoto. Nikawa chali. Masikio ndani ya maji, macho juu, na kule juu moshi wa mlima wa moto Nyiragongo umelala kama pamba. Sikuwa na uzito. Sikuwa nimepumzika hivyo tangu nizae. Nilicheka peke yangu na maji yakaingia kinywani. Kisha kicheko kikakatika. Chali. Jile linamgeuza mtu chali ili pua ibaki juu. Na mgongo unabaki wapi? Nikatazama gati, Mama Sifa amesimama na Neema mkononi, anampungisha mkono. Nikatoka majini nikaenda kwa Komanda, nikamwambia nilichofikiri. Akasikiliza. "Kitabu haina ile," akasema. Akaenda zake.

Siku ya mtihani wangu ilifika mwisho wa mwaka. Kila mwanafunzi alipewa safari moja ya kweli, Goma hadi Bukavu, na abiria wa kweli, na kazi moja: kuwa ofisa wa kuondoka. Ofisa wa kuondoka anakagua jile, anakagua mzigo, anasoma manifesti, kisha anatia saini na kumwambia kapiteni, "Bato iko tayari." Bila saini yake injini haiwashwi. Shangazi alikuwa na ruhusa ya abiria themanini, na jile themanini. Nilivaa shati jeupe nililopiga pasi mara mbili. Neema, sasa mwaka mmoja na zaidi kidogo, alikuwa mgongoni, maana Mama Sifa alikuwa anapanga sufuria; jina lake lilikwisha kuandikwa kwenye kitabu cha bato, pamoja na sisi wa kazi. Komanda alikaa kwenye kiti karibu na ngazi, daftari gotini, uso wake kama ukuta. Faustin alikuwa chini, kwenye gati, ameshika kamba ya nyuma. Karani wa porti akanipa manifesti: majina themanini. Kila kitu kilikuwa sawa. Ningetia saini, ningekuwa ofisa kabla ya saa tatu.

Nikapita kati ya mabenchi nikisoma majina, na kila nilipofika kwa mama mwenye mgongo mnene nikatazama ndani ya kikwembe. Mmoja. Wawili. Walikuwa kumi na mmoja. Nikarudi kwa karani. "Hapa kuna batu makumi kenda na moya," nikamwambia. Akanitazama kama ninaumwa. "Mama, ba mugongoni habaandikwaka." Nikamjibu, "Leo banaandikwa." Kapiteni Dezire akatoka kwenye chumba cha usukani, kofia kichwani, nyota mbili begani. Alisikiliza, akatabasamu, na lile tabasamu nililijua, lilipita kwenye triplex. "Kavira, tia saini. Upepo hautakungoja." Nikasema, "Kumi na moya bashuke, kisha natia." "Bashuke banani?" "Benye hawana batoto." Basi bato ikalipuka. Wanaume waliokuwa wamesinzia wakaamka kunitukana. Na wamama, wale niliofikiri watanishukuru, wao ndio walikuwa wakali kuliko wote. Mmoja akasimama na kunitikisia kidole: "Unataka tulipe tiketi ya mutoto anayenyonya?" Mwingine: "Unahesabu batoto ya benzako kama mbuzi! Uko muchawi?" Mfanyabiashara mmoja wa Kibumba, mwanamke mnene aliyekaa juu ya magunia ya vitunguu na kabichi, pamoja na dada yake, alisema kwa sauti iliyofika hadi sokoni: "Bamupe mwanamuke kalamu kidogo, anaanza kufukuza benzake!" Wote wakacheka. Nikamtazama Komanda. Komanda alikuwa anaandika. Dezire akaniinamia, polepole: "Usipotia saini ndani ya dakika kumi, mutihani imekwisha. Unajua hakuna ya pili."

Nilijua. Kalamu ilikuwa mkononi. Nawaambia wanaosoma, mkono ulitaka kuandika. Lakini nilikuwa na uzito wa Neema mgongoni, unavuta mabega, na safari hii niliusikia. Nikafungua kikwembe, nikamtoa, na kwa kuwa Kapiteni Dezire alikuwa karibu kuliko wote na mikono yake ilikuwa mitupu, nikamwekea mtoto mikononi. "Unishikie," nikasema. Alishika kwa mshangao. Kisha nikamgeukia yule mama wa Kibumba: "Mama, niazime kabichi moya, ile kubwa." Akauliza, "Unapika saa hii?" lakini akanipa. Nikaifunga kabichi mgongoni kwa kikwembe, vizuri, kama mtoto, fundo juu ya kifua. Juu yake nikavaa jile, nikakaza kamba tatu. Nafikiri bato nzima ilisema wazimu umefika. Nikapanda ukingo, na shati langu jeupe, na viatu, nikaruka.

Nilitoka juu, na jile likanigeuza chali, kama nilivyojua. Nikabaki hivyo. Sikupiga maji, sikusema kitu. Nilielea tu, uso juu, nikiwatazama wale wote waliojipanga ukingoni, na wao wakinitazama na kutafuta kabichi. Haikuonekana. Nilihesabu polepole hadi sitini. Kisha nikageuka kwa nguvu, nikavuta kikwembe, nikaileta kabichi mbele, juu ya kifua, ndani ya jile, nikalala tena chali. Kabichi ikatoka juu ya maji, kichwa wazi, kijani, kama mfalme kwenye kitanda. Mtu mmoja akacheka. Kisha wawili. Kisha yule mama wa Kibumba akapiga kelele: "Uiii! Yesu! Na mie nilizaa saba, na nilibabeba bote mugongoni!" Faustin alinivuta kwa kamba. Maji yalikuwa yananitiririka usoni, machoni, puani, na hayo, Faustin, ndiyo machozi uliyoyaona. Ziwa Kivu. Nenda ukalionje.

Nilipanda ngazi viatu vikilia. Nikawaambia wamama: "Sitaki feza. Nataka jina. Na mutoto anakuja mbele." Nikaona mmoja, mkali kuliko wote, yule aliyeniita mchawi, anafungua fundo lake, anamvuta mtoto chini ya kwapa, anamleta kifuani. Halafu jirani yake. Ikapita bato nzima, vile vitambaa vikifunguka na kufungwa, na watoto waliotolewa usingizini wakilia kwa hasira kama mimi. Mama wa Kibumba akasimama. "Vitunguu vyangu havinyonyi," akasema. "Mie na dada yangu tutapanda kesho." Akashuka, na kabla ya kufika chini akageuka: "Ile kabichi ubaki nayo, ni ya serikali sasa!" Walibaki tisa wa kupatikana. Nyuma kabisa kulikuwa na kwaya ya vijana wa Bukavu, waliokuja kuimba kwenye harusi, sare za njano, ngoma mbili. Walinong'onezana. Kiongozi wao, msichana mwenye sauti nzito kuliko mwanamume, akaniuliza: "Afande, tukishuka, tutalala Goma siku moya tena?" Nikasema ndiyo. Wakarukaruka kana kwamba nimewapa likizo. Walikuwa tisa kamili, na walishuka wakipiga ngoma, wakacheza pale gati, na Shangazi mzima akaimba nao. Kapiteni Dezire alisimama katikati ya yote hayo, kofia yake iko kinywani mwa Neema, hajui aweke mikono wapi. "Chukua mutoto wako," akaniambia. Nikasema, "Ngoja kidogo, Kapiteni. Naandika."

Nikaandika watoto kumi kwa majina, mmoja mmoja, kila mama akisema jina kwa sauti ya chini na kutazama pembeni, ili wasionekane wanahesabiwa. Wa kumi na mmoja alikuwa wa siku tisa. Mama yake, Furaha, mwembamba, pengine mdogo kuliko mimi, alikuwa amekuja kuzalia Goma kwa mama yake mzazi, sasa anarudi kwa bwana yake. "Hana jina," akasema. "Jina iko kwa baba yake, Bukavu. Yeye njo atasema." Karani akaguna kwamba niweke mstari tu, niandike mtoto. Nikamwambia Furaha: "Bato haitoki na mutu bila jina. Weye umemubeba miezi kenda, huna hata jina moya kwa kichwa?" Akafunua kitambaa, akamtazama yule mtoto. "Iko moya," akasema. "Nilimuitaka yeye peke yake, tukiwa babili." Akaniinamia sikioni. Nikaandika: Faida. Jumla themanini. Nikatia saini, na tone la maji likaanguka kutoka kwenye nywele zangu juu ya wino. "Kapiteni, bato iko tayari." Dezire akanirudishia Neema, akaingia kwenye usukani, na Shangazi akakohoa.

Upepo ulitukamata njiani, ndiyo, baada ya kisiwa cha Idjwi, na watu walitapika, na wamama waliwashika watoto kifuani. Tulifika. Komanda alinikuta nyuma, nikikamua shati. Alifungua daftari akasoma bila kuinua macho. "Bato imechelewa saa moya na nusu: kosa. Sare imeloa: kosa. Ofisa ameruka majini bila ruhusa ya kapiteni: kosa kubwa. Weye ni wa mwisho darasani." Nilisimama wima. "Na breve, Komanda?" Akachana karatasi moja kutoka nyuma ya daftari, ilikuwa imeandikwa tayari, kwa mkono wake mzuri wa shule ya zamani, akatia saini juu ya goti. "Wa mwisho naye ni ofisa," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaona meno yake. Nilipiga kelele. Nilimrusha Neema juu, nikamdaka, nikamkumbatia Mama Sifa na sufuria yake. Komanda akaniambia nishushe abiria wangu, kazi haijaisha.

Basi nikasimama kwenye ngazi na manifesti mkononi, nikiita kila jina, na kila mtu akipita. Wamama walipita, nami nikaita mtoto, nikaweka alama. Furaha alikuwa wa mwisho. Chini, kwenye watu wanaongoja, mwanamume mmoja alikuwa anapunga kofia akimwita, lakini yeye hakushuka. "Ofisa," akaniambia, "nionyeshe pale." Nikaweka karatasi juu ya ukingo. Akaniuliza kama ni hapa, nikasema hapa, mstari wa mwisho. Akautoa mkono wa mtoto kwenye kitambaa, ule mkono mdogo wenye mikunjo, akanyoosha kidole kimoja, akakipitisha juu ya herufi, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia. Kutoka kwenye usukani Kapiteni Dezire akapiga honi, akatoa kichwa dirishani. "Kavira! Leta manifesti, porti banangoja!"

"Bangoje, Kapiteni," nikasema. "Kuna abiria anasoma jina lake."